Wilaya au Mkoa? Barua za Mwingereza kwa Sharifu wa Makka

Barazani kwetu Tanga, siku hizi kahawa ya baada ya Isha hainyweki bila Palestina kutajwa. Juzi mzee mmoja alisema kwa uchungu kwamba Waarabu wenyewe ndio waliomgeuka Mturuki mwaka 1916, wakapokea dhahabu ya Mwingereza, kwa hiyo wasimtafute wa kumlaumu. Kijana aliyekaa mkekani akamjibu kwa adabu: "Hapana, mzee wangu. Wale walipigwa changa la macho, kama Chifu Mangungo." Wa tatu akadai yote ni kazi ya Lawrence, yule Mwingereza aliyevaa joho na kilemba jangwani. Tukatawanyika, kila mtu akarudi kwake na kile alichokuja nacho.

Naandika kwa sababu wote watatu walikuwa wameshika kipande cha kweli, na vipande hivyo vikiachwa peke yake vinapotosha. Halafu sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati moja katika habari hii. Neno lililozua ugomvi mkubwa kuliko yote katika barua zile ni neno letu la kila siku, tunalolisoma kwenye mabango ya barabarani na kwenye fomu za serikali. Ni neno "wilaya". Nitalifikia.

Tuanze na majina. Mwaka 1914 Sham (Syria ya leo na pande zake), Iraq, Palestina na Hijaz (nchi ya Makka na Madina) zilikuwa sehemu za Dola ya Osmani, iliyotawaliwa kutoka Istanbul. Wazee wetu waliiita tu "Mturuki". Sultani wake alikuwa pia na cheo cha khalifa, yaani kiongozi wa Waislamu wote, japo nguvu ya cheo hicho nje ya mipaka yake ilitegemea nani anakiheshimu. Sharifu ni mtu wa ukoo wa Mtume, na amiri wa Makka alichaguliwa kutoka kwa masharifu. Aliyeshika nafasi hiyo tangu 1908 ni Hussein bin Ali, na aliyempa ni Istanbul yenyewe. Neno jingine ni himaya: dola kubwa inamwambia mtawala mdogo, "Endelea kukaa kitini pako, nitakulinda, lakini usizungumze na taifa jingine bila ruhusa yangu." Zanzibar iliingia katika hali hiyo mwaka 1890, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa sana. La mwisho ni ruzuku, fedha za kila mwezi anazopewa mtawala ili abaki upande wako.

Sasa kwa nini Mwingereza, mwenye manowari na viwanda, alihangaika kumbembeleza amiri wa mji wa jangwani?

Jibu liko katika siku chache za Novemba 1914. Wiki ile ile ambayo majeshi ya Kihindi ya Mwingereza yalishuka hapa Tanga na kupigwa na Wajerumani, yaani kati ya tarehe 2 na 5, Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Dola ya Osmani. Siku tisa baadaye, tarehe 14, ikasomwa katika msikiti wa Fatih mjini Istanbul fatwa ya jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Wajerumani, washirika wa Mturuki, walikuwa wameisubiri kwa hamu. Mtaalamu wao, Max von Oppenheim, alikuwa na ofisi nzima Berlin ya kuandaa propaganda ya kuwaamsha Waislamu.

Hesabu hiyo iliitisha London. Waislamu waliokuwa chini ya bendera ya Uingereza, kuanzia India hadi Misri, Sudan, Nigeria na Zanzibar, walikuwa wengi kuliko waliotawaliwa na Sultani mwenyewe. Jeshi la India lilikuwa na maelfu ya askari Waislamu. Je, wakikataa kupigana? Mashindano hayo yalifika hadi pwani yetu: wito wa jihadi ulienezwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na upande wa pili Sultani Khalifa bin Haroub wa Zanzibar aliwahimiza Waislamu wasimwache Mwingereza. Mtu mmoja aliyeweza kuipunguza makali fatwa ya Istanbul kuliko sultani yeyote ni mwenye kushika funguo za Makka.

Pande zote mbili zikabisha hodi kwa Hussein. Istanbul ilimtaka aitangaze jihadi kutoka Makka. Alijibu kwa ustadi: anaiombea dua, ila akiitangaza hadharani manowari za Uingereza zitaifunga Bahari ya Shamu na watu wake watakufa njaa. Hakuwa anatunga. Hijaz ilikula nafaka iliyoletwa kwa meli, na mahujaji waliokuwa riziki yake walikuja kwa meli. Huku nyuma mwanawe Abdullah alikwishaonana na Lord Kitchener mjini Cairo mapema 1914, kabla ya vita. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule Kitchener, sasa waziri wa vita, alimtumia Hussein ujumbe wa kumwahidi ulinzi, akadokeza kwamba huenda Mwarabu wa nasaba safi akaja kuushika ukhalifa.

Dokezo hilo lilikuwa zito kuliko mwandishi wake alivyojua. Maofisa wengi wa Uingereza walimfikiria khalifa kama Papa wa Wakatoliki, mtu wa dua na baraka asiye na jeshi. Kwa Hussein, khalifa ni mtawala mwenye nchi. Neno moja, watu wawili, vichwani mwao picha mbili. Ndivyo mambo yalivyoanza, na ndivyo yalivyoendelea.

Hussein hakuwa peke yake sokoni; watawala wengine wa Bara Arabu nao walibembelezwa. Mubarak wa Kuwait alipewa hakikisho la himaya mapema Novemba 1914. Idrisi wa Asir alitia saini Aprili 1915. Abdulaziz Ibn Saud wa Najd alitia saini mkataba huko Darin, kwenye kisiwa cha Tarut, tarehe 26 Desemba 1915. Qatar ikafuata Novemba 1916. Lakini Ibn Rashid wa Hail alibaki na Mturuki, na Imamu Yahya wa Yemen vilevile. Maelfu ya Waarabu waliendelea kupigana ndani ya jeshi la Osmani hadi mwisho. Kwa hiyo mzee wetu wa barazani anaposema "Waarabu walimgeuka Mturuki", tunalazimika kumuuliza: Waarabu gani? Kila mtawala alipima jirani yake ni nani, bahari iko wapi, na adui yake wa ukoo amekwishakwenda upande gani. Ibn Rashid alikuwa na Mturuki, basi hasimu wake Ibn Saud alikuwa na kila sababu ya kwenda kwa Mwingereza.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Mwingereza mwenyewe hakuwa mmoja. Hussein alishughulikiwa na ofisi ya Cairo, chini ya wizara ya mambo ya nje. Ibn Saud na masheikh wa Ghuba walishughulikiwa na serikali ya India. Fikiria tajiri mmoja mwenye madalali wawili, kila dalali na mteja wake, na kila mmoja anasifu wa kwake na kumponda wa mwenzake. Hussein alikuja kulipwa pauni 125,000 kila mwezi, kisha zikapanda hadi 200,000, nyingi zikiwa sarafu za dhahabu. Ibn Saud alipewa 5,000. Wateja hao wawili walikuwa hawapatani, na wote walikula mfuko mmoja.

Sasa tuingie kwenye barua. Ni kumi, kati ya Hussein na Sir Henry McMahon, kamishna mkuu wa Uingereza nchini Misri. Ya kwanza ni ya tarehe 14 Julai 1915, ya mwisho ya tarehe 10 Machi 1916. Hussein aliomba makubwa: nchi yote ya Waarabu wa Asia, kutoka milima iliyo mpakani na Waturuki kaskazini hadi Bahari ya Hindi, isipokuwa Aden, na kutoka Bahari ya Mediterania hadi mpaka wa Uajemi. McMahon alijibu kwa maneno matamu na kukwepa suala la mipaka, akisema ni mapema mno. Hussein akamrudia: mipaka ndiyo habari yenyewe.

Vuli ya 1915 mambo yaligeuka. Mashambulizi ya Waingereza na wenzao dhidi ya Mturuki huko Gallipoli yalikwama na watu walikuwa wakifa bure. Akatokea ofisa Mwarabu wa jeshi la Osmani, Muhammad Sharif al-Faruqi, aliyevuka mstari na kujisalimisha, akadai anasema kwa niaba ya jumuiya za siri za maofisa Waarabu, na kwamba wasipopewa ahadi watakwenda kwa Mjerumani. Cairo ikashikwa na haraka. Barua ya tarehe 24 Oktoba 1915 iliandikwa katika haraka hiyo.

Ndani yake McMahon alisema Uingereza iko tayari kutambua na kuunga mkono uhuru wa Waarabu ndani ya mipaka aliyoitaja Sharifu, ila kwa kutoa baadhi ya maeneo, yaani kuyaacha nje ya ahadi. Alitoa Mersina na Alexandretta, miji ya pwani ya kaskazini, na "sehemu za Sham zilizo magharibi mwa wilaya za Damascus, Homs, Hama na Aleppo". Kwa Kiingereza aliandika neno lenye maana ya eneo dogo kuzunguka mji. Mfasiri wa Cairo akaliandika kwa Kiarabu "wilayat".

Hapo ndipo penye shida, na hapo Mswahili anaweza kuona kwa macho yake. Kwetu wilaya ni ndogo kuliko mkoa. Katika utawala wa Osmani wilaya ilikuwa kubwa kama mkoa wetu, tena mara nyingi kubwa zaidi, na mkuu wake aliitwa wali. Sikio la Mswahili linasikia kile alichoandika McMahon kwa Kiingereza. Sikio la ofisa wa Osmani linasikia kitu kingine kabisa.

Chukua ramani ya Tanzania ujaribu. Mtu anakuahidi nchi yote, ila anatoa "sehemu zilizo mashariki mwa wilaya za Korogwe, Handeni na Morogoro". Ukisoma wilaya kwa maana yetu, unapiga mstari kupitia miji hiyo, na kilichotolewa ni Muheza, Tanga, Pangani, Bagamoyo, mpaka Dar es Salaam. Kilwa ni yako, kwa sababu iko mbali kusini, haiko mashariki mwa mji wa Morogoro. Baada ya miaka saba mtu yule anakuja kukwambia: "La, mimi nilipoandika wilaya nilikusudia mkoa. Mkoa wa Morogoro unashuka kusini sana, na Kilwa iko mashariki yake. Kwa hiyo Kilwa sikukupa." Wewe unamwuliza: "Na mkoa wa Korogwe uko wapi? Mkoa wa Handeni uko wapi?" Haipo.

Weka Palestina mahali pa Kilwa. Ukisoma wilaya kama mji na vitongoji vyake, mstari kutoka Aleppo hadi Damascus unaacha magharibi yake pwani ya Sham na Lebanon. Palestina iko kusini zaidi, wala haiguswi. Ukisoma wilaya kwa maana ya Osmani, wilaya iliyotawaliwa kutoka Damascus ilishuka kusini hadi pande za Maan na Aqaba, na Palestina iko magharibi yake, kwa hiyo imetolewa. Huo ndio msimamo wa serikali ya Uingereza katika waraka wake wa mwaka 1922. Lakini Homs na Hama hazikuwa na wilaya zao za Kiosmani, zilikuwa ndani ya ile ile ya Damascus. Na magharibi mwa wilaya ya Osmani ya Aleppo ni bahari tupu. Kwangu mimi, usomaji wa pili hausimami. McMahon aliandika mwaka 1922 kwamba nia yake ilikuwa kuiacha Palestina nje ya ahadi, na sina sababu ya kumwita mwongo kuhusu nia yake. Ila nia iliyobaki kifuani si maandishi, na barua nzima haina neno Palestina.

Kulikuwa na mlango mwingine uliorudishiwa bila kufungwa. Barua ilisema ahadi inahusu maeneo ambayo Uingereza inaweza kutenda "bila kudhuru maslahi ya mshirika wake Ufaransa". Maslahi gani, yanaishia wapi, haikusema. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kuimeza ahadi nzima.

Na kweli, wakati barua zikiendelea, Mark Sykes wa Uingereza na François Georges-Picot wa Ufaransa walikuwa wakigawana. Makubaliano yao, yaliyothibitishwa Mei 1916 kwa ridhaa ya Urusi, yaliwapa Wafaransa pwani ya Sham na ushawishi juu ya bara yake hadi Mosul, Waingereza wakachukua kusini mwa Iraq na ushawishi juu ya nchi iliyo kati, na Palestina iwekwe chini ya utawala wa mataifa kadhaa. Kisha, tarehe 2 Novemba 1917, Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje, akatoa tamko la kuunga mkono kuanzishwa kwa makao ya taifa la Wayahudi ndani ya Palestina.

Anayeishi mjini anaijua habari ya kiwanja kimoja chenye hati tatu. Kila mnunuzi ana karatasi, kila karatasi ina muhuri, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye wa halali. Tofauti ya hapa ni kwamba aliyegawa hati hakuwa bado na kiwanja. Mwenye nacho kwa nguvu alikuwa Mturuki, na wanaoishi ndani yake hawakuulizwa kabisa. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma kuliko ubishi wa wilaya. Wakulima wa Nablus na wavuvi wa Jaffa hawakumtuma Hussein, wala McMahon, wala Picot, wala Balfour.

Nirudi kwa kijana wa mkekani na Mangungo wake. Tulivyosoma shuleni, chifu yule wa Msovero aliweka alama mwaka 1884 kwenye karatasi ya Carl Peters ambayo hakuweza kuisoma. Hussein hakuwa hivyo. Alikuwa mzee aliyekaa miaka mingi Istanbul, mjuzi wa siasa za ikulu, na alisoma kila mstari. Alikubali kuiachia Mersina, akakataa kuiachia pwani ya Beirut, kisha Januari 1916 akasema jambo la Wafaransa liwekwe kando hadi vita viishe, ila ataidai Beirut siku hiyo. Alijua kuna mgogoro uliolala. Aliamini kwamba akishapigana na kushinda, atakuwa na uzito wa kuumaliza. Kosa lake lilikuwa kwenye kupima nguvu zake.

Sababu za kuasi kwake zilikuwa za karibu pia. Jamal Pasha, gavana wa Osmani kule Sham, aliwanyonga Waarabu mashuhuri Beirut na Damascus tarehe 6 Mei 1916. Kikosi kipya cha Kituruki kilikuwa kimefika Madina kikielekea Yemen, na Hussein aliogopa kuondolewa. Alfajiri ya tarehe 10 Juni 1916, husimuliwa, alitoa bunduki dirishani mwa nyumba yake mjini Makka na kufyatua risasi ya kwanza. Jeddah ilisalimu amri baada ya siku chache kwa msaada wa mizinga ya meli za Uingereza. Lawrence alifika Hijaz Oktoba, miezi minne baadaye. Alikuwa ofisa kiungo hodari na mwandishi hodari zaidi, lakini hakuyaanzisha maasi hayo, na waliokufa njiani kuelekea Aqaba na Damascus walikuwa zaidi watu wa makabila.

Hati zilifichuka Novemba 1917, Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, walipoingia madarakani na kuchapisha mikataba ya siri waliyoikuta kwenye makabati. Jamal Pasha alishangilia, akampelekea Faisal, mwana mwingine wa Hussein, maneno ya suluhu: mmeona marafiki zenu? Hussein aliwauliza Waingereza, wakamtuliza kwa ujumbe mwingine laini. Alikuwa amekwishamwasi Sultani. Kurudi hakukuwezekana.

Msiichukue ramani ya Sykes na Picot kama ramani ya leo, ingawa hilo husemwa sana. Mosul ilihamishiwa upande wa Mwingereza, Palestina haikuwekwa chini ya mataifa kadhaa, na mipaka mingi ilichorwa baadaye. Mkutano wa San Remo wa Aprili 1920 ndio uliogawa nchi hizo kwa utaratibu wa udhamini, ule ule ulioiweka Tanganyika mikononi mwa Waingereza baada ya Wajerumani kushindwa. Faisal, aliyetawazwa mfalme Damascus, alifukuzwa na Wafaransa baada ya vita vya Maysalun, Julai 1920. Mwaka uliofuata Waingereza wakamweka Iraq, na Abdullah wakampa ng'ambo ya Jordan.

Baba yao aliendelea kukataa kutia saini chochote kilichoikubali hali ya Palestina. Ruzuku ilikatika. Ibn Saud, yule mteja wa dalali wa pili, aliichukua Makka Oktoba 1924, na Mwingereza hakunyanyua mkono. Hussein akapelekwa uhamishoni Cyprus. Alifariki Amman mwaka 1931, akazikwa Yerusalemu, pembeni ya Msikiti wa Al-Aqsa.

Karibu miaka minane baada ya mazishi hayo, Februari 1939, Waingereza na Waarabu walikaa London kuzisoma barua zile kwa pamoja, na ndipo serikali ya Uingereza ilipozichapisha rasmi kwa mara ya kwanza. Walibishana juu ya "wilaya" kwa siku kadhaa na hawakuafikiana. Upande wa Uingereza ulishikilia kwamba Palestina haikuahidiwa, lakini ukakiri kwamba hoja za Waarabu zilikuwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Ukakiri na jingine: kwamba Uingereza haikuwa na uhuru wa kuigawa Palestina bila kujali matakwa na maslahi ya wakazi wake.